Mexico kwa basi: uzoefu wangu wa kupanga likizo katika nchi kubwa

Kama unawaza kwenda Mexico, chagua kipande kimoja cha nchi na ukipite kwa basi. Nasema hivi baada ya kurudi na dada yangu mkubwa kutoka kusini mashariki mwa nchi hiyo. Tulitoka Jiji la Mexico hadi bahari ya Karibi bila kupanda ndege ya ndani hata moja. Haya ni maoni yangu kuhusu mabasi yao ya masafa marefu, hasa ya daraja la kwanza, na jinsi yalivyoibeba likizo yetu nzima.

Nianze na ukubwa, maana hapo ndipo mipango mingi huharibika. Mexico ina karibu kilomita za mraba milioni mbili, yaani Tanzania mbili au Kenya tatu na zaidi. Ina majimbo 31, na Jiji la Mexico linahesabiwa la 32. Kutoka Tijuana kaskazini magharibi hadi Cancún ni zaidi ya kilomita 4,000 za barabara. Kaskazini ni jangwa na makorongo makubwa ya Chihuahua, katikati ni nyanda za juu zenye volkeno, kusini ni milima ya misonobari inayoshuka ghafla hadi pwani ya joto, na mashariki ni tambarare ya mawe ya chokaa isiyo na mito juu ya ardhi. Wakala mmoja wa safari alituandalia ratiba ya kuzungukia kila kona hizo katika likizo moja. Nilipoipigia hesabu niliona tungekaa zaidi viwanja vya ndege kuliko tungekaa Mexico yenyewe. Tukaiweka kando, tukatandaza ramani mezani na kupanga wenyewe.

Kabla ya ramani, kuna viza. Mimi nina pasipoti ya Kenya, nikaomba katika ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi: taarifa za benki, barua ya mwajiri, miadi, kisha mahojiano mafupi. Dada yangu anaishi Uingereza na ana ukaazi wa kudumu, hivyo yeye hakuhitaji viza. Hili watu wengi hawalijui: mwenye viza halali au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen anaruhusiwa kuingia Mexico kutalii bila viza ya Mexico. Hakikisha na ubalozi kabla ya kukata tiketi, kwani masharti hubadilika. Jambo jingine ni njia ya ndege. Ukipitia Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu, utahitaji viza ya Marekani. Mimi nilipitia Ulaya.

Msimu nao upangwe mapema. Mvua ni kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba, na vimbunga vya bahari zote mbili huwa kati ya Mei na Novemba. Kimbunga Otis kiliivunjavunja Acapulco mwishoni mwa Oktoba 2023, kwa hiyo usilichukulie jambo hili kirahisi. Tulichagua kiangazi, baada ya sherehe za Siku ya Wafu za tarehe 1 na 2 Novemba, ambapo vyumba katika mji wa Oaxaca hujaa na bei hupanda. Anayetaka kuziona sherehe zenyewe apange miezi mingi mbele.

Sasa mabasi. Jiji la Mexico halina stendi moja kuu. Lina nne, kila moja kwa upande wake wa nchi, na ya mashariki na kusini mashariki inaitwa TAPO, jengo la kuba kubwa lililopakana na kituo cha metro cha San Lázaro. Kampuni kubwa ya upande huo ni ADO, iliyoanza mwaka 1939, na ndiyo tuliyosafiri nayo sehemu nyingi. Tiketi ina jina lako na namba ya kiti ulichokichagua mwenyewe kwenye mchoro wa viti. Mzigo unapokewa na mhudumu, unabandikwa namba, nawe unapewa kipande chake cha kuonyesha mnapofika. Kabla ya kupanda, abiria wanakaguliwa kwa kifaa cha kutambua chuma. Hakuna mpiga debe anayekuvuta mkono, wala basi halisubiri lijae: saa iliyoandikwa ikifika, linaondoka.

Daraja la kawaida lina viti viwili kila upande, choo nyuma, na kiti kinalala vya kutosha kwa safari ya mchana. Daraja la Platino lina viti vitatu tu kwa mstari, vipana, na vinalala karibu kabisa. Stendi kubwa zina chumba chao cha kusubiri. Mchana tulipanda la kawaida, usiku tukalipa ziada ya Platino lilipokuwepo, na naona huo ndio mpango bora. Usiku mmoja wa Platino unaokoa gharama ya hoteli na unakufikisha ukiwa na nguvu za kutembea. Ukikata tiketi mapema mtandaoni mara nyingi bei hushuka, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni malipo. Kadi yangu ya Kenya ilikataliwa na tovuti ya kampuni moja mara kwa mara, ilhali ya dada ilipita. Njia mbili zilitusaidia: kununua dirishani stendi, au kuhifadhi kiti mtandaoni na kwenda kulipa taslimu katika duka la OXXO, ambalo liko karibu kila kona ya mji.

Soma saa za tiketi kwa makini. Wanahesabu kuanzia 00 hadi 23, na basi la 00:15 tarehe 12 linaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatakiwa uwe stendi usiku wa tarehe 11. Kisha baridi: kiyoyozi ndani ya basi hakina huruma. Sweta na soksi ziwe mkononi, wala zisiingie kwenye buti. Sisi tulikuwa na leso mbili mbili, na kila usiku ziligeuka shuka. Na kwenye mabasi ya kawaida filamu huwekwa kwa sauti ambayo wewe huwezi kuipunguza. Hilo ndilo jambo ninalotamani lingebadilika kuliko yote.

Jiji la Mexico lipewe siku za kutosha za kuzoea hewa. Liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa Mombasa ngazi za metro zilitutoa pumzi. Metro yenyewe ni nauli ya peso 5, na kila kituo kina alama yake ya picha, hivyo hata asiyejua Kihispania hapotei. Mabehewa ya mbele hutengwa kwa wanawake na watoto saa za msongamano, jambo lililotupa utulivu mkubwa. Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, yaliyofunguliwa mwaka 1964 katika bustani ya Chapultepec, yanataka siku nzima. Yapange mwanzo wa safari, kwa sababu tamaduni zilizojenga magofu utakayoyaona baadaye zina kumbi zao mle ndani, na utakapofika Monte Albán au Palenque utajua unachokitazama. Hufungwa Jumatatu. Jumapili ni bure kwa wenyeji, basi familia nzima nzima hujaa. Nyumba ya mchoraji Frida Kahlo kule Coyoacán tiketi zake hununuliwa mtandaoni mapema. Waliofika mlangoni bila tiketi tuliwaona wakirudi.

Kutoka TAPO hadi Oaxaca ni karibu saa saba. Hapa ndipo faida ya basi ilipoanza kuonekana. Unaiacha nyanda ya juu yenye baridi, unapita mabonde ya dungusi kubwa zilizosimama kama nguzo, halafu milima inafunguka na mji uko chini yako. Kwa ndege ni saa moja na yote hayo huyaoni.

Oaxaca ningekaa mwezi. Monte Albán, mji wa kale wa Wazapoteki juu ya kilima kilichosawazishwa, ni mwendo mfupi kutoka mjini. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Lakini mimi nilivutwa zaidi na soko. Sisi watu wa ugali tunasahau kwamba mahindi yalianzia Mexico, yakaanza kulimwa huko miaka kama 9,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya kuvuka bahari na kufika kwetu. Katika soko la 20 de Noviembre na la Benito Juárez jirani yake utayaona mahindi meupe, ya manjano, mekundu na ya buluu. Huchemshwa kwa chokaa, huoshwa, kisha husagwa yakiwa yamelowa kuwa donge la kukandia chapati zao za tortila. Chokaa hiyo ndiyo inayoyafanya yalainike na kutoa lishe ambayo mahindi makavu ya kusagwa huibania. Tlayuda, chapati kubwa kavu iliyopakwa maharage na jibini, inawatosha watu wawili. Tejate ni kinywaji baridi cha mahindi na kakao chenye povu juu, na akina mama wanaokiuza hukitia kwenye bakuli la kibuyu.

Kwa tusiokula nguruwe, hapa pana jambo la kushika sana. Maharage ya kupondwa na tamale, donge la mahindi linalopikwa ndani ya majani, mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe hata kama hakuna nyama. Mafuta hayo yanaitwa manteca. Tulijifunza kuuliza "¿lleva manteca?" kabla ya kuagiza, na wauzaji walijibu kwa ukweli, wakati mwingine wakatuelekeza kwa jirani anayepikia mafuta ya mimea. Samaki, mayai, jibini, parachichi na mboga vipo kila mahali. Irabu za Kihispania ni tano zile zile za Kiswahili, kwa hiyo maneno machache uliyoyakariri yatatoka vizuri na watu watakuelewa.

Kutoka Oaxaca watalii wengi huteremka Puerto Escondido kwa ajili ya mawimbi. Barabara mpya iliyofunguliwa Februari 2024 imekata safari ile ya kizunguzungu ya milimani hadi karibu saa tatu. Sisi tulishuka kwa sababu nyingine. Magharibi ya hapo ni Costa Chica, pwani ya Wamexico wenye asili ya Afrika, na sehemu hii ndiyo ninayoomba Mswahili yeyote aiweke kwenye ratiba. Mabasi mazuri yanakufikisha Pinotepa Nacional. Mbele ya hapo ni matatu na teksi za kuchangia hadi Cuajinicuilapa, mji ulioko jimbo la Guerrero, wenye Makumbusho ya Tamaduni za Afromestizo. Ni makumbusho madogo. Yanaeleza meli za watumwa, mashamba ya ng'ombe, na ngoma ya mashetani inayochezwa wakati wa Siku ya Wafu kwa vinyago vyenye nywele za farasi. Nje kuna nyumba za mviringo za udongo zilizoezekwa nyasi, aina waliyokuwa wakijenga wazee wa pale. Dada yangu alisimama mbele ya nyumba hizo muda mrefu.

Jimbo la Guerrero limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Kiafrika aliyetangaza kukomesha utumwa tarehe 15 Septemba 1829, miaka 44 kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Hata hivyo katiba ya Mexico ilikuja kuwatambua watu wa asili ya Afrika kwa jina mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu waliojitaja hivyo. Mama mmoja muuza samaki alituuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Kenya, aliwaita wanawe waje watuamkie, akatupakulia wali na samaki wa kukaanga, na alikataa pesa mpaka dada alipomlazimisha. Mawakala wote tuliowauliza kabla ya safari, hakuna aliyeitaja Costa Chica. Nasema wazi: usalama wa Guerrero hutofautiana mahali na mahali. Safiri mchana, uliza wenyeji kabla ya kuondoka, na usiendelee na safari jua likishazama. Kama pwani hiyo iko mbali na njia yako, mji wa Yanga ulioko Veracruz una historia ya Gaspar Yanga, aliyewaongoza watumwa waliotoroka na kuvikabili vikosi vya Wahispania mwaka 1609 hadi wakapewa mji wao huru.

Basi la usiku kutoka Puerto Escondido hadi San Cristóbal de las Casas, Chiapas, lilikuwa refu kuliko yote, zaidi ya saa kumi, na ndilo lililonipa imani kamili na mabasi haya. Tuliondoka kwenye joto la pwani tukiwa na jasho, tukapita usiku shingo ya nchi yenye upepo na mitambo yake mirefu, tukaamka kwenye ukungu. San Cristóbal iko mita 2,200 hivi, na asubuhi yake ni baridi ya Limuru. Nilifurahi kwamba sweta ilikuwa mkononi.

Ijumaa tuliswali huko. Pembezoni mwa mji kuna jamii ya Watzotzil Waislamu, wenyeji waliosilimu kuanzia miaka ya 1990, wakiwa na misikiti yao. Wanawake walivaa sketi za sufu za kwao na mitandio juu. Hatukuwa na lugha ya kutosha ya kuzungumza, lakini salamu ilitosha kufungua mlango, na chakula kilichofuata kilikuwa cha kwanza katika safari nzima ambacho sikulazimika kuuliza kimepikwa na nini. Siku iliyofuata tulichukua matatu hadi San Juan Chamula. Kanisa la pale halina mabenchi. Sakafu imetandazwa majani ya misonobari, na watu wanaomba chini kati ya mamia ya mishumaa. Kupiga picha ndani ni marufuku kabisa. Weka simu mfukoni tangu mlangoni na uwaheshimu wanaoabudu.

Hapa mpango wetu ulihitaji uamuzi. Kutoka San Cristóbal hadi Palenque njia fupi inapita Ocosingo, kama saa tano, lakini vikundi huifunga barabara hiyo mara kwa mara na kudai pesa. Basi la ADO huzunguka kupitia Villahermosa, na safari inakuwa saa nane au zaidi. Kuna matatu za watalii zinazopita njia fupi, na watu wengi hupita salama. Sisi tulizunguka, na ningefanya hivyo tena. Chiapas hali ya usalama imekuwa ikibadilika miaka hii, hivyo uliza wenye nyumba ya wageni juu ya barabara ya wiki hiyo hiyo, usitegemee maelezo ya mwaka jana. Pia acha siku moja tupu kwenye ratiba upande huu wa nchi. Migomo na vizuizi vya barabara hutokea, Oaxaca pia, na asiye na siku ya akiba hukosa ndege yake ya kurudi.

Palenque ilistahili mzunguko wote. Mahekalu yametokeza ndani ya msitu, nyani wanaunguruma juu ya miti, na katika Hekalu la Maandishi ndimo mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier alipolikuta kaburi la mfalme Pakal mwaka 1952. Joto lina unyevu mzito. Fikeni mara milango inapofunguliwa asubuhi.

Mérida ni saa nane nyingine. Reli mpya ya Tren Maya, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023, inapita upande huu, lakini stesheni zake nyingi ziko nje ya miji na utahitaji usafiri mwingine kuingia, wakati stendi ya basi iko katikati. Mérida ni mji mtulivu, na supu ya ndimu ya Yucatán ni dawa ya uchovu. Cochinita pibil, chakula chao mashuhuri, ni nguruwe. Uxmal, magofu ya Wamaya, iko kama kilomita 80 kusini, ina watu wachache, na kwangu ilizidi Chichén Itzá kwa uzuri. Chichén Itzá nayo usiiache, ila ujue utalipa madirisha mawili, la serikali kuu na la jimbo, na kufikia saa tano asubuhi mabasi ya watalii kutoka Cancún yatakuwa yamejaa. Cenote, visima vya asili vya maji safi ndani ya mawe, vinataka uoge kabla ya kuingia na usijipake mafuta ya ngozi, kwa kuwa watu wa huko wanayategemea maji yale.

Pwani ya Karibi tuliipa muda mfupi kwa makusudi. Sisi tuna bahari nyumbani, na majira ya kuchipua na ya joto mwani mwingi husukumwa ufukweni pale. Ila dokezo moja la mwisho kwa anayeondokea Cancún: jimbo la Quintana Roo, lenye Cancún, liko saa moja mbele ya Mérida na Jiji la Mexico. Safari ya karibu saa nne kutoka Mérida utaiona kama ya saa tano kwenye saa ya stendi, na ndege haikungoji. Ukiwa na ndege ya asubuhi, lala Cancún usiku wa kuamkia safari. Stendi ya ADO ina basi la moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.